Usukani Mwepesi Nisiouamini

Zainabu binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na mama yako yuko jikoni anagombana na mfuko wa samaki wakavu usiotaka kufungika. Mimi nimekaa barazani na karatasi zangu. Mambo ya chandarua, ya maji ya kunywa, ya nani umpigie simu ukifika, sitayaandika hapa. Mama yako ameyasema mpaka ukawa unaitikia bila kusikiliza, nilikuona. Nakuandikia juu ya gari.

Tangu jana najiuliza kama kesho uondoke na gari letu au usiondoke nalo. Nimekwisha kuamua. Lakini ukisikia uamuzi peke yake utasema kama unavyosema siku zote, "Baba anashuku hata kivuli chake." Basi nataka uone nilikopita mpaka nikafika hapo, pamoja na mahali nilipopotea.

Unajua kwa nini nilitaka uwe na gari. Sikutaka uwe mtu wa kupunga mkono barabarani. Huko unakopelekwa, mbele ya Awasse, enfermera mpya, muuguzi kama wewe, atahitajiwa usiku na mchana, na kila dereva atakayekubeba atajiona amekufanyia hisani. Wapo ambao hisani yao haina mwisho. Nimekuwa dereva maisha yangu yote, nawajua wenzangu. Nikasema binti yangu akae kwenye usukani wake mwenyewe, hata kama ni usukani wa gari la zamani.

Lakini kesho hamwendi matembezi. Mnakwenda na koluna, magari yote pamoja, wanajeshi mbele na wanajeshi nyuma, kupita Mute na Olumbi mpaka njia panda ya Awasse. Katika koluna hakuna kuegesha pembeni na kufungua boneti. Gari likikukatalia, wenzako watakupita, na ukibaki peke yako barabarani, mtu wa kwanza kukukuta atakuuliza unamngoja nani. Ukimwambia unangoja spea hatakuamini. Hata mimi nisingekuamini.

Uzito wa usukani ulianza wakati ule ulipokuwa unajifunza kuendesha ili upate karta ya udereva. Siku moja ulirudi na gari, ukaniambia, "Baba, usukani unashika, unaachia, unashika tena." Mimi nikakuuliza, "Umegonga nini?" Ukasema hujagonga kitu. Ulipoingia ndani kuswali, nikalala chini ya bampa na tochi kutafuta alama ya kisiki. Sikuiona, na badala ya kuridhika nikaanza kuamini kwamba umekigonga kisiki hicho na kufuta alama yake.

Ugonjwa wote ulikuwa ndani ya maneno yako. Unashika, unaachia, unashika tena. Fundi mwenye masikio angejua pa kuanzia. Mimi niliyasikia kama maneno ya mtu anayejitetea.

Kitu cha kwanza nilichopaswa kutazama kilikuwa matairi, na hata hayo niliyatazama nimechelewa. Sisi wa huku kila tukishuka mchangani kuchukua samaki tunatoa upepo ili gari lisizame. Kisha pampu ya kujazia iko kwa jirani, jirani kasafiri, na gari linazunguka barabarani na matairi laini mpaka mtu asahau. Tairi laini la mbele linafanya usukani kuwa mzito. Kila dereva wa pwani analijua hilo, na kwa sababu kila mmoja analijua, hakuna anayeinama kutazama. Nilipoyajaza, uzito ulipungua kidogo. Kidogo hicho kikaniponza, maana nilijiambia: sehemu ya tairi imekwisha, iliyobaki ni kazi ya mtu.

Na mtu mwenyewe nilikuwa naye tayari, mjomba wako Sumaili.

Ulikuwa bado shuleni tulipokimbia vita. Unakumbuka kwamba gari tuliliacha shambani kwetu karibu na Mute, katikati ya mikorosho. Labda hujui namna madereva tulivyokuwa tukiyaacha magari siku zile. Gari likiwa kamili litachukuliwa, na huwezi kujua litachukuliwa na nani wala litafanya kazi gani. Kwa hiyo tulilipunguza. Betri kwa mtu huyu, mikanda kwa mtu yule, na watu hao wasipite njia moja. Betri niliibeba mwenyewe mpaka ikanishinda, nikaifukia. Mikanda miwili, ule wa feni na ule unaozungusha pampu ya usukani, nilimpa shemeji Sumaili, ambaye alikuwa anaelekea mto Ruvuma ili avuke kwenda upande wa Mtwara.

Mkanda wa usukani ulikuwa mpya. Niliufunga kwa mikono yangu, na namba zake zilikuwa nyeupe zinasomeka. Tuliporudi nyumbani, Sumaili alinikabidhi mkanda usio na namba hata moja.

Siku ile niliupokea tu. Niliandika katika daftari langu, kama ninavyoandika kila siku. Juzi nililipitia tena, nikaona haya. Ukurasa baada ya ukurasa kuna jina la Sumaili, jina la fundi, hata jina lako. Hakuna mahali nilipoandika kwamba nimeubonyeza mkanda kwa kidole gumba nikaona umekaza kiasi gani. Mkanda uliolegea au uliochakaa hulia ukikata kona mpaka mwisho. Huu haukulia hata mara moja. Nilipaswa kuuachilia hapo hapo. Mimi nikaona hata kunyamaza kwake kuna jambo.

Na Idi ikafika. Watu wamekaa kwenye mkeka, sinia liko katikati, na mimi nikamuuliza Sumaili mbele ya wote, "Shemeji, ule mkanda wangu ulimuuzia nani kule Mtwara?"

Akacheka. Mashemeji hutaniana, akadhani ni hivyo. "Nimemuuzia mwenye akili zako," akasema, "nikamwongezea na kofia yako."

"Sitanii. Nauliza."

Akaacha kucheka. Akanawa mikono na chakula hakijafika nusu, akamwambia mama yako, "Dada, pilau nzuri," akatoka. Hajaingia tena nyumba hii. Wewe uliambiwa ana kazi nyingi.

Baada ya hapo nikalipeleka gari kwa Adinani, fundi wa kule nyuma ya soko. Aliuzungusha usukani mara moja tu, akafunga mlango.

"Mzee Abudu, pampu hii haiumwi, imekufa. Nikuletee nyingine au nikuletee sanda?"

Watu pale wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane mkaidi. Akafunga pampu nyingine iliyotoka gari bovu. Mafuta tukabadilisha, yale ya zamani yalikuwa meusi kama kahawa. Nikaondoka, na usukani ukawa mzito vile vile. Nikarudi. Akasema pampu mpya inahitaji kuzoea. Hapo ndipo nilipojua kwamba pampu yangu ilikuwa nzima, na kwamba mahali fulani hapa Palma inazungusha usukani wa mtu mwingine. Mpaka leo, nikiona pikapu inakata kona kwa raha pale sokoni, natamani kuisimamisha nifungue boneti. Huyo sijamsafisha, na sina haraka ya kumsafisha.

Sasa ile siku yetu mimi na wewe, wiki iliyopita. Nilikuambia tulipime gari kama watu ambao hawamjui mtu yeyote. Ukaniuliza maana yake nini, nikakuambia shika jeki.

Tulinyanyua magurudumu yote mawili ya mbele, tukaweka magogo. Injini tukaizima. Gari likiwa hivyo, pampu haina kazi na tairi haligusi ardhi. Uzito ukiondoka, tatizo liko kwa mmoja wa hao wawili. Uzito ukibaki, hao wawili hawamo. Ukazungusha. Ukabaki. Kwa muda ule mdogo niliwapoteza washukiwa wangu wote kwa pamoja, pampu ya Adinani, mkanda, na mjomba wako, na nakuambia kweli sikufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Kisha tukafungua mkono unaounganisha boksi la usukani na magurudumu. Nikayasukuma magurudumu kwa mkono, yakaenda kushoto na kulia bila ubishi. Basi na viungo vya huko chini havimo. Wewe ukazungusha usukani peke yake, usioshikana na gurudumu lolote, nao ukashika, ukaachia, ukashika tena, mahali pale pale kila mzunguko.

"Si nilisema?" uliniambia.

Ulisema, mwanangu. Ulisema siku ya kwanza.

Kati ya usukani na boksi kuna shafti, na shafti hiyo ina kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha kukunjika. Tulipoitoa tukakiona: chekundu kwa kutu, kinakunjika upande mmoja na kugoma upande wa pili. Ndiyo maana uzito ulikuja na kuondoka. Kitu kilichokufa kinakuwa kizito wakati wote. Kinachoshika na kuachia kina mahali kinapokwama.

Uliniuliza kutu imetoka wapi, nikajibu ni ya bahari. Si kweli. Siku tuliyolificha gari nilitoa betri na mikanda kwa haraka, na boneti sikuibana. Juu yake nikarundika makuti mabichi, mengi, mpaka nikajisifu kwamba hata mimi nisingeliona. Makuti yale yakaoza, yakakaa na maji ya mvua miaka tuliyokuwa mbali, na maji yakawa yanaingia kwenye ule upenyo moja kwa moja juu ya shafti. Nililificha gari watu wasilione. Maji sikuyafikiria. Mikono yote niliyoishuku, hakuna uliogusa mahali pale isipokuwa wangu.

Tukakiloweka kiungo katika dizeli na mafuta, tukakigonga taratibu, tukakichezesha huku na huku mpaka kikalegea. Ukaenda na gari mpaka msikitini na kurudi, unazungusha kwa kidole kimoja, unacheka peke yako. Mama yako akasema, "Alhamdulillahi, sasa mtaacha kuufanya ua wangu gereji."

Mimi sikucheka. Kitu kilichokuwa kizito muda mrefu kikawa chepesi kwa alasiri moja, nikakitazama kama mgeni anayeingia bila kubisha hodi. Jana ulipokwenda kuchukua barua yako ya kazi, nikamwomba mama yako aketi kwenye usukani.

"Nizungushe vipi?"

"Kidogo kidogo. Kushoto, kulia."

"Kama ninambembeleza mtoto?"

"Hivyo hivyo."

Nikakishika kiungo mkononi. Upande wa juu ulisogea kwanza, ukagonga, ndipo upande wa chini ukafuata. Nikamwambia tena, na tena. Ni kidogo, Zainabu, mtu mwingine angesema si kitu. Lakini ndani ya kiungo kile kuna vijiti vyembamba vya chuma, na kutu ilikuwa imevila. Kilichokuwa kinashikilia ni kutu yenyewe. Tulipoiondoa, tuliondoa na kilichokuwa kinashika.

Nikamwita Adinani aje aone, maana nilitaka kusikia atasema nini. Akatikisa, akasema, "Mzee, hii inafika mjini Pemba na kurudi. Unataka kitu kisichotikisika? Hicho ni kaburi tu." Huenda anasema kweli. Huenda ingefika Pemba mara kumi. Lakini usukani mzito unachosha mikono na bado unakwenda unakoupeleka. Uliolegea unakupendeza mpaka siku kiungo kinapokatika, na siku hiyo unazunguka mikononi mwako kama sinia na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Kiungo kipya kitatoka Mtwara, na hakuna anayejua lini. Koluna ni kesho. Kazi yako haingoji.

Basi hutaondoka na gari letu. Najua utakasirika, nami nimekuacha umwambie kila mtu kwamba utaendesha mwenyewe. Hilo nalo ni langu. Kiungo kikifika nitakifunga, nitakishika kwa mkono, nitaliendesha peke yangu kwenda Mute na kurudi, ndipo utaliona mlangoni kwako.

Lori pekee katika koluna ya kesho ambalo dereva wake nimemjua tangu ujana wake ni la mjomba wako Sumaili. Anapeleka saruji njia panda, na kituo chako cha afya hakiko mbali na hapo. Mchana huu nilikwenda kwake. Alikuwa anafunga turubai, mgongo umenielekea.

"Karibu, mwenye mkanda," akasema bila kugeuka.

Nikamsalimu, nikamweleza shida yangu kuanzia kiungo mpaka koluna. Akaendelea kukaza kamba.

"Yaani mkanda hukuniamini, mtoto unaniamini?"

"Mkanda ni mkanda, shemeji."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa dada yako."

Akamaliza fundo lake. Kisha akanigeukia. "Unajua nilivyouvuka mto na mikanda yako? Niliivaa kiunoni, yote miwili, chini ya shati, kama hirizi. Nikikamatwa na mkanda wa gari mkononi nitaulizwa gari liko wapi. Nilitembea nayo, nililala nayo, nilitokwa nayo jasho mpaka ngozi ikachubuka. Halafu wewe unaniuliza namba. Namba ziko hapa." Akajipiga kiunoni. "Ukitaka nivue uzisome."

Wapakiaji wake walicheka mpaka mmoja akaangusha mfuko.

Sitakuficha, maelezo yale yalikaa sawasawa mno. Nilirudi nyumbani nimemsadiki nusu. Nusu nyingine inauliza kwa nini hakuyasema siku ya Idi. Labda kwa sababu nilimuuliza mbele ya watu. Labda alikuwa bado hajayatunga. Sijui, na huenda nitakufa sijui. Nimeona naweza kukaa na jambo hilo bila kulimaliza. Ninamshuku kwa mkanda. Nimejichunguza tangu adhuhuri kama ninamshuku kwako, nimetafuta kama nilivyotafuta kile kisiki, sikupata kitu.

Huko uendako watakushuku. Utakuwa mgeni kutoka pwani, una lafudhi yetu, una mkoba, unauliza watu maswali juu ya miili yao. Nawe utawashuku wao. Sikuambii uache, mimi mwenyewe sijaacha. Ila anza na kile ambacho mkono wako unaweza kukishika, na mtu awe wa mwisho. Tairi ukilishuku bure halinawi mikono na kuondoka. Na mgonjwa akikuambia neno lake kwa namna isiyonyooka, lisikilize kama alivyolisema kabla hujamuuliza amegonga nini.

Nakusikia unarudi, unaongea na mtu kule njiani. Nimalize.

Kesho asubuhi usione haya kwa utakachokikuta. Lori la mjomba wako ni kuukuu kuliko gari letu, nami sikupandishi humo kwa maneno matupu. Nilimwambia kwamba kabla koluna haijajipanga nitakuja, nilale chini, nishike viungo vya usukani wake kimoja kimoja. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Njoo. Lakini wa kuzungusha usukani ni mimi. Na injini lazima iwake, lori langu likizimwa usukani haugeuki."

Nikamwambia sawa.

Kwa hiyo ukifika na mizigo yako utaona miguu yangu imetokeza nyuma ya gurudumu la mbele, injini inanguruma, na mjomba wako yuko juu ameshika usukani. Usimwite, wala usiniite mimi. Simama na mama yako pembeni mpaka mimi mwenyewe niseme basi.

Baba yako,
Abudu